Darasa Moja, Viwango Vingi: Njia Nne za Kufundisha Darasa la Kwanza na la Pili Zikilinganishwa

Mwalimu wa darasa la kwanza au la pili anapofungua kipindi cha kusoma mwezi Machi, mbele yake huwa na watoto ambao kwa rejista ni wa darasa moja, lakini kwa hali halisi wametawanyika mbali sana. Yupo aliyepitia elimu ya awali vizuri na sasa anasoma hadithi fupi bila kukwama. Yupo anayeunganisha silabi kwa kufuatisha kidole, na yupo ambaye bado anachanganya b na d. Yupo pia aliyefika Januari akiwa hajawahi kuzungumza Kiswahili nyumbani, ambaye anatakiwa ajifunze lugha na kusoma kwa wakati mmoja. Katika kata zenye watu wengi, kama Sombetini na Unga Limited kwa Arusha au Pasua na Njoro kwa Moshi, watoto hawa wote hukaa dawati moja. Tangu elimumsingi bila ada ianze Januari 2016 watoto wengi zaidi wamefika shuleni, jambo ambalo ni la heri kubwa, na darasa la watoto 70 halimshangazi mtu, ingawa kiwango kilichowekwa ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja.

Kwenye vikao vya walimu kuhusu stadi za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, njia nne hutajwa mara kwa mara: kutoa kazi za viwango tofauti ndani ya somo moja, kuwapanga watoto katika vikundi vya kiwango kimoja, kuwachanganya ili wasaidiane, na kuwapa waliobaki nyuma kipindi rekebishi. Kila njia ina walimu wanaoitetea kwa moyo wote, na mwalimu kijana aliyetoka chuoni Marangu au Monduli huweza kubaki njia panda akisikia kila mmoja akisifu yake. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu huyo, na kwa ajili ya mwalimu mkuu anayepanga ratiba.

Kabla ya kuchagua: tofauti inatoka wapi?

Naona kosa linalojirudia ni kuchagua njia kabla ya kujua watoto wanatofautiana katika nini. Watoto wawili wanaweza kushindwa kusoma sentensi ileile kwa sababu zisizohusiana kabisa: mmoja hajazijua silabi, mwingine anazijua lakini haoni ubaoni. Ukiwaweka wote wawili katika kikundi cha wanaoanza, wa kwanza atafaidika na wa pili atapoteza mwaka.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kukaa na mtoto mmoja mmoja. Andaa kadi tano kwenye karatasi ya manila: ya kwanza ina herufi na silabi, ya pili maneno mafupi, ya tatu sentensi, ya nne aya, na ya tano hadithi fupi yenye maswali mawili. Mtoto aanzie kadi anayoonekana kuimudu, apande au ashuke mpaka pale anapokwama. Zoezi hili huchukua kama dakika tatu kwa mtoto. Kwa darasa la watoto 70 hizo ni dakika 210, kazi isiyowezekana kwa siku moja, lakini ukiwapima watoto 14 kila siku unamaliza kwa wiki moja, ukitumia dakika 42 kwa siku, huku wenzao wakiwa na kazi ya kuandika au kuchora.

Maswali mawili ya kadi ya tano yasiachwe kamwe. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, na mtoto akishazijua silabi anaweza kuitamka aya nzima kwa sauti nzuri bila kuelewa hata sentensi moja. Hali hii huonekana hasa kwa watoto wanaotoka familia zinazozungumza Kimaasai, wakiwemo Waarusha, kwa kuwa lugha yao si ya Kibantu na ngeli za Kiswahili kwao ni jambo jipya kabisa. Mtoto wa Kichaga au Kimeru anakuta mpangilio unaofanana kidogo na wa nyumbani. Wa Kimaasai haukuti. Mwalimu asiyeuliza maswali atamwandika mtoto huyu kuwa msomaji hodari, na tatizo litakuja kujitokeza darasa la tatu masomo yanapokuwa marefu.

Zipo na sababu nyingine zisizo za stadi wala lugha: macho, masikio, njaa ya asubuhi, na mahudhurio ya kurukaruka wakati wa mavuno au familia inapohama. Ziandike pembeni ya jina la mtoto. Utazihitaji.

Vigezo vya kulinganisha

Njia zote nne zitaangaliwa kwa vigezo vitano. Cha kwanza ni maandalizi, pamoja na kusahihisha, kwa sababu njia inayomtaka mwalimu akeshe kila usiku huachwa kabla muhula haujafika katikati. Cha pili ni nafasi na idadi ya watoto. Cha tatu ni nani anayenufaika na nani anayeachwa. Cha nne ni heshima ya mtoto, yaani kama njia hiyo inamwacha na ari au inamtia aibu mbele ya wenzake. Kigezo hiki wengi hukiweka mwisho, nami ningekiweka karibu na mwanzo, kwa kuwa mtoto wa miaka saba akishajiona mjinga ni kazi ngumu mno kumrudisha. Cha tano ni urahisi wa kujua kama mtoto amesogea.

Njia ya kwanza: somo moja, kazi za viwango tofauti

Hapa darasa zima hufundishwa jambo moja, kisha kila mtoto hulifanyia kazi kwa kiwango chake. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni cha dakika 30, hivyo unaweza kufundisha kwa dakika kumi, ukatoa kazi ya dakika kumi na tano, na kumalizia dakika tano kwa pamoja. Tuseme somo ni silabi mwa, mwe na mwi. Umeandika ubaoni sentensi "Mwalimu ana mwavuli mweupe" na watoto wote wameisoma. Kazi ya kwanza ni kupigia mstari kila mwa na mwe kwenye sentensi hiyo. Ya pili ni kuunda maneno kwa kadi za silabi: mwa-na, mwe-zi, mwi-ko. Ya tatu ni kutunga sentensi mbili zenye maneno mwezi na mwana. Somo ni lilelile, lakini hakuna mtoto aliyekaa bure.

Katika kuhesabu mambo ni mepesi zaidi. Mama alipeleka sokoni Kiborloni mikungu 23 ya ndizi, akauza 8, imebaki mingapi? Mmoja atapanga visoda 23 mezani na kuondoa 8, mwingine atahesabu kurudi nyuma kwenye mstari wa namba, na mwingine ataandika 23 − 8 = 15 kisha atunge fumbo lake la kumpa mwenzake.

Maandalizi. Kuandika kazi tatu kwa kila kipindi kunachosha, na hapa ndipo walimu wengi hukata tamaa. Njia ya kupunguza mzigo ni kuandika ubaoni kazi moja yenye ngazi, swali la chini likiwa rahisi na la juu gumu, na kila mtoto aanzie chini na kupanda kadiri awezavyo. Kusahihisha madaftari 70 kila siku hakuwezekani. Pita kwenye safu moja kila siku na sahihisha hapohapo ukiwa umesimama na mtoto, kwa maana vema iliyoandikwa mtoto akiwa hayupo haimfundishi kitu.

Nafasi na idadi. Hii ndiyo nguvu yake kubwa. Haihitaji kuhamisha madawati wala kutoka nje. Wakati wa masika, mvua inapopiga bati mpaka sauti ya mwalimu haisikiki safu ya tatu, kazi ya kimya ya viwango ndiyo pekee inayoendelea.

Anayenufaika na anayeachwa. Wa katikati na wa mbele hufaidika sana, na mtoto anayejifunza lugha hunufaika kwa kusikia somo lilelile na wenzake, hasa kama mwalimu anatumia picha na vitu halisi. Anayeachwa ni yule aliye nyuma kwa hatua mbili au zaidi. Kama mtoto hajui silabi ma na wa, dakika kumi na tano za kupigia mstari mwa hazimjazii pengo. Anafanya kazi kwa kuangalia umbo tu.

Heshima. Ni nzuri, mradi wote waanzie chini. Ukiandika safu tatu na kusema "hii ni ya wale", watoto wataelewa siku hiyohiyo.

Kupima maendeleo. Daftari linaonyesha mtoto alifika ngazi ipi, ila ni lazima mwalimu alisome kwa jicho hilo.

Njia ya pili: vikundi vya kiwango kimoja

Kwa saa moja kila siku, watoto huacha kukaa kwa darasa au mkondo na kukaa kulingana na kadi waliyofikia: wa silabi pamoja, wa maneno pamoja, wa aya pamoja. Njia hii imekuzwa sana na shirika la Pratham la India lililoanzia Mumbai miaka ya 1990, na katika Afrika Mashariki upimaji wa Uwezo, uliopita nyumba kwa nyumba kuwasomesha watoto silabi, maneno, aya na hadithi, uliwafanya wengi waone kwa macho jinsi darasa moja linavyoweza kubeba viwango vyote hivyo.

Upo utafiti wa jirani zetu ambao kila mwalimu mkuu anayefikiria njia hii angepaswa kuufahamu. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2011, walifuatilia shule 121 za magharibi mwa Kenya ambazo darasa la kwanza liligawanywa katika makundi mawili baada ya kila shule kuongezewa mwalimu wa mkataba. Takribani nusu ya shule ziligawanya watoto kwa alama zao za awali, na nyingine kwa bahati nasibu. Katika shule zilizogawanya kwa alama watoto walisonga mbele zaidi, na faida hiyo iliwafikia waliokuwa juu na waliokuwa chini pia. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba mwalimu aliyekuwa na watoto wa kiwango kinachokaribiana aliweza kufundisha pale walipo. Lakini tusome kwa makini: shule zile ziliongezewa mwalimu. Mwalimu mmoja anayegawa watoto 70 katika vikundi vinne ndani ya chumba kimoja hafanyi jambo lilelile, kwa kuwa vikundi vitatu vinabaki bila mwalimu kwa sehemu kubwa ya kipindi.

Maandalizi. Kazi ni nzito mwanzoni, kwa sababu upimaji ni wa lazima na walimu wote lazima wakubaliane saa moja ya ratiba. Baada ya hapo mzigo hupungua, maana mwalimu huandaa kazi ya kiwango kimoja tu.

Nafasi na idadi. Inahitaji vyumba au kivuli cha kutosha. Chini ya mwembe panafaa Januari na Februari. Masika, na zile asubuhi za baridi kali za Julai mjini Arusha, hapafai, na ni bora mpango uandikwe tangu mwanzo watoto watakwenda wapi majira hayo. Shule za zamu mbili hupata taabu zaidi, kwa sababu chumba kilichoachwa wazi asubuhi hakipo.

Anayenufaika na anayeachwa. Mtoto wa silabi anapata hapa kitu ambacho njia ya kwanza haikumpa: mwalimu anayemfundisha silabi bila kuona haya kwamba wengine wameshapita. Hata hivyo faida hii hutegemea nani amepewa kikundi hicho. Katika shule nyingi kikundi cha wanaoanza hukabidhiwa mwalimu wa kujitolea au mgeni kuliko wote, na mwenye uzoefu huchukua wasomaji kwa kuwa wanampa raha. Hili ninalisema kwa uchungu, kwa sababu linageuza njia nzuri kuwa ghala la kuwahifadhi watoto waliokata tamaa. Kikundi cha silabi kinamhitaji mwalimu bora wa shule. Kwa upande mwingine, wanaosoma hadithi wasiachiwe vitabu wakae kimya saa nzima. Wape maswali, uandishi na maigizo. Mtoto anayeachwa na njia hii ni yule mwenye shida ya lugha ambaye anatamka vizuri, kwa sababu kadi zitamweka juu wakati anahitaji mazungumzo.

Heshima. Hatari iko hapa kuliko njia nyingine zote. Watoto huwapa wenzao lakabu haraka, na lakabu ya kikundi huweza kumfuata mtoto mpaka njiani kurudi nyumbani. Majina kama Simba na Kobe yasitumike, kwani kila mtoto anajua nani anamshinda nani. Mgomba, Mwembe na Mparachichi hayana wa kwanza wala wa mwisho. Muhimu zaidi, mtoto aone milango iko wazi: pima upya kila baada ya wiki sita hivi, mhamishe aliyesogea siku hiyohiyo bila kungoja muhula uishe, na vipindi vingine vyote vya siku wakae pamoja.

Kupima maendeleo. Ni rahisi kuliko njia zote, kwa sababu kuhama kikundi chenyewe ndiko kipimo.

Njia ya tatu: vikundi mchanganyiko na wenzi wa kusoma

Lev Vygotsky, ambaye kila aliyesoma saikolojia ya elimu chuoni amekutana na jina lake, alieleza kwamba jambo ambalo mtoto analiweza kwa msaada leo ndilo atakaloliweza peke yake baadaye. Njia hii inasimama juu ya wazo hilo, ikimweka mtoto aliyetangulia kuwa msaada. Kwa darasa la kwanza na la pili vikundi vya watoto sita huwa vikubwa mno, wawili hufanya kazi na wanne hutazama, na kwa maoni yangu wenzi wawili wawili hufaa zaidi.

Namna ya kuwaoanisha ndiyo siri ya kazi. Msomaji wa hadithi asiwekwe na mtoto wa herufi, kwa sababu umbali ni mkubwa na atakachofanya ni kumtajia majibu. Msomaji wa aya akae na wa maneno. Wa sentensi akae na wa silabi. Kisha msaidizi afundishwe kusaidia, maana hakuna mtoto anayezaliwa akijua. Mambo matatu yanatosha: subiri mwenzako ajaribu; akikwama, funika neno kwa kidole uache silabi ya kwanza tu ionekane; usimtajie neno zima mpaka ameshajaribu mara mbili. Ukipita katikati ya madawati utaiona kazi hii waziwazi: mtoto ameziba -vuli kwa kidole, mwenzake anasema "mwa", kidole kinasogea, "mwa-vu", kinasogea tena, "mwavuli", na wote wawili wanacheka kwa furaha.

Maandalizi. Ni machache baada ya wiki mbili za kuwazoesha. Kinachohitajika ni matini fupi, moja kwa kila jozi, ambazo zinaweza kuandikwa kwenye vipande vya maboksi na kutumika mwaka mzima.

Nafasi na idadi. Watoto 70 ni jozi 35, na hawahitaji kuhama. Kelele itakuwepo, ni kelele ya kusoma, na mwalimu mkuu aelezwe mapema ili asidhani darasa halina mwalimu.

Anayenufaika na anayeachwa. Kwa mtoto anayejifunza Kiswahili sioni njia inayoikaribia hii, hasa akioanishwa na mwenzake anayejua lugha zote mbili, kwa sababu anaongea dakika nyingi kwa siku kuliko angeongea akijibu mwalimu. Msaidizi naye hujenga ufahamu kwa kueleza. Lakini mtoto aliyetangulia hana haki ndogo kuliko wenzake ya kufundishwa mambo mapya, na wazazi wanaouliza "wangu anakuja kufundisha au kufundishwa?" wanauliza swali la haki. Ukomo wa dakika 15 au 20 kwa siku unalijibu. Anayeachwa ni mtoto wa herufi, ambaye hahitaji mwenzi tu, anahitaji mwalimu.

Heshima. Kwa ujumla ni nzuri, na huwa nzuri zaidi jozi zikibadilishwa na kila mtoto akipata eneo la kusaidia. Mtoto wa silabi katika kusoma anaweza kuwa hodari wa kujumlisha, pengine kwa sababu anamsaidia mama yake kurudisha chenji gengeni.

Kupima maendeleo. Hapa njia hii ni dhaifu. Jozi huficha: mwalimu husikia sentensi imesomwa na hajui nani ameisoma. Kila wiki wasikilize watoto kadhaa mmoja mmoja.

Njia ya nne: kipindi rekebishi

Watoto wachache waliobaki nyuma hukaa na mwalimu nje ya ratiba ya kawaida, kwa kawaida baada ya masomo. Maandalizi yake ni madogo na kupima ni rahisi, kwa kuwa watoto ni wachache na mwalimu anawasikia wote. Kikundi kikizidi watoto kumi kinaanza kufanana na darasa la asubuhi na faida inapotea.

Ugumu uko kwenye muda. Mtoto wa miaka saba aliyekunywa uji saa nne hana nguvu ya kusoma saa nane, na yule anayetembea mbali kurudi nyumbani hapaswi kuchelewa peke yake njiani. Mara nyingi anayehitaji kipindi hiki zaidi ndiye asiyeweza kubaki, kwa sababu ndugu yake mkubwa wa kutembea naye ameshaondoka. Dakika 20 kabla ya kengele ya asubuhi, au wakati wenzake wanasoma kwa jozi, huzaa matunda zaidi. Kuhusu heshima, kipindi kisiwekwe wakati wa michezo, kwani mtoto atakiona ni adhabu. Na kisigeuke kuwa tuisheni ya kulipia, maana hapo anayekikosa ni yuleyule aliyelengwa.

Pale ambapo kupanga darasa hakutoshi

Baadhi ya mahitaji hayatatuliwi na njia yoyote kati ya hizi. Mtoto anayekunja uso akitazama ubao, anayesogeza daftari mpaka puani au anayenakili mstari usio wake apimwe macho kwanza. Idara ya macho ya hospitali ya KCMC mjini Moshi inajulikana nchi nzima, na hospitali ya Mount Meru ipo kwa walio Arusha. Wakati mzazi anajipanga kumpeleka, mkalishe mbele na mwandikie kwa herufi kubwa na nyeusi. Mtoto mwenye ualbino akae mbali na mwanga wa dirisha, karibu na ubao, na kofia yake iruhusiwe hata ndani. Mtoto asiyejibu akiitwa kutoka nyuma huenda hasikii vizuri, na kabla ya kumwita mkaidi simama mbele yake, aone midomo yako, useme naye tena.

Kwa mahitaji makubwa zaidi, eneo hili limebarikiwa kuliko mengi. Chuo cha Ualimu Patandi kipo Tengeru, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, na huandaa walimu wa elimu maalumu kwa watoto wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa akili. Shule ya Msingi Mwereni mjini Moshi imewapokea wanafunzi wasioona kwa miaka mingi, wakisoma pamoja na wanaoona. Mwalimu wa kawaida anayeuliza ushauri kwa wenzake wa aina hii hapunguzi hadhi yake hata kidogo. Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma katika shule ya kawaida, na kumtafutia mahali pengine haraka ili tu darasa letu liwe jepesi ni kumnyima haki hiyo.

Mwongozo kulingana na hali

Kama uko peke yako na watoto 60 au 70 katika chumba kimoja, na hakuna mkondo wa pili, anza na kazi za ngazi kila siku na wenzi wa kusoma kwa dakika 15. Dakika hizo 15 jozi zinaposoma, kaa na watoto watano au sita wa herufi kwenye mkeka pembeni. Hicho ndicho kipindi rekebishi chako, na hakihitaji mtu abaki mchana.

Kama shule ina mikondo miwili au zaidi, walimu wanaelewana, na mwalimu mkuu yuko tayari kulinda saa moja ya ratiba isiingiliwe na vikao wala usafi, vikundi vya kiwango kimoja vinastahili kujaribiwa, hasa kama upimaji umeonyesha kuwa theluthi moja au zaidi ya darasa la pili bado iko kwenye silabi. Ikiwa walio kwenye silabi ni wanne au watano tu, kuivunja ratiba ya shule nzima ni gharama kubwa kwa faida ndogo, na kipindi rekebishi kinatosha.

Kama unafundisha Monduli, Longido au mahali popote ambapo watoto wengi wanaanza Kiswahili shuleni, usikimbilie vikundi vya kadi katika muhula wa kwanza. Tumia jozi za lugha, nyimbo, vitu halisi na masimulizi mengi, na upimaji wako utegemee zaidi maswali ya ufahamu kuliko utamkaji. Muhula wa pili, wengi watakapoweza kueleza picha kwa sentensi zao wenyewe, vikundi vya kiwango vitakupa taarifa ya kweli.

Kama uko katika shule ya binafsi yenye watoto 30 na mwalimu msaidizi, kazi za viwango tofauti ndani ya somo moja zinawezekana kwa ukamilifu wake, kwa kuwa mmoja anaongoza darasa na mwingine anakaa na wanaokwama. Jihadharini tu msaidizi asikae na watoto walewale mwaka mzima. Mwalimu wa darasa naye akae nao, angalau mara mbili kwa wiki, ili awajue. Na kama lugha ya kufundishia ni Kiingereza, yote yaliyosemwa hapa kuhusu mtoto anayetamka bila kuelewa yanawahusu karibu watoto wote wa darasa.

Kama mtoto amehamia katikati ya mwaka, kwa mfano watoto wa wafanyakazi wanaofika mashamba ya miwa ya Arusha Chini, mpime siku ya kwanza kwa kadi zilezile tano, mpe mwenzi wa kukaa naye kabla ya mapumziko ya uji, na usimpangie kikundi mpaka wiki ya pili, kwa sababu mtoto mgeni husoma chini ya uwezo wake mpaka awazoee watu.

Na kama huu ni mwaka wako wa kwanza kazini, chagua njia moja kwa somo la kusoma pekee, iendeshe kwa nusu muhula, kisha toa kadi zako tano na uwapime tena watoto wote. Orodha ya walioganda pale walipokuwa Januari ndiyo itakayokuambia njia gani nyingine ya kuongeza, na kwa ajili ya nani.